Kuziba ufa kwa bomu

Wanaotetea kuishambulia nchi hasimu kabla haijaunda bomu la nyuklia wana hoja inayoeleweka haraka: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa nini usubiri adui amalize kazi ndipo uhangaike? Hoja hii si ya kuibeza. Lakini hebu tujiulize, bomu huziba ufa au huupanua?

Juni 7, 1981, ndege za Israel zilikilipua kinu cha Osirak karibu na Baghdad, ambacho Iraq ilikinunua Ufaransa. Wiki mbili hazijaisha, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likalaani shambulio hilo kwa kauli moja, Marekani ikiwemo. Hadi leo wapo wanaolisifu, eti lilimnyima Saddam Hussein bomu. Tatizo ni kilichofuata. Saddam hakuacha, alijificha. Osirak kilikuwa kinakaguliwa. Mradi uliofuata ulikuwa wa siri, na ukubwa wake ulijulikana tu wakaguzi walipoingia baada ya vita vya 1991.

Tuseme ukweli wote: mwaka 2007 Israel ililipua kinu kingine, jangwani Syria, na hakikujengwa tena. Kwa hiyo mara nyingine njia hii inafanya kazi.

Ila mwaka 2003 Marekani na Uingereza ziliivamia Iraq kwa sababu ya silaha ambazo hazikupatikana. Ufa wenyewe haukuwepo. Raia zaidi ya 100,000 wakafa katika vita na ghasia zilizofuata. Hapa ndipo linapokaa swali la maadili. Anayejitetea anamjibu mtu aliyemvamia. Anayeshambulia mapema anaua watu wa leo kwa kosa la kesho, tena kosa la watawala wao. Akikosea hesabu, hana wa kumrudishia uhai.

Halafu kuna somo ambalo wengine wanalisoma kimya kimya. Libya ilikubali kuachana na mradi wake Desemba 2003. Mwaka 2011 Gaddafi akapinduliwa na waasi waliosaidiwa na ndege za NATO, akauawa. Korea Kaskazini ilijaribu bomu lake 2006, na hakuna aliyeivamia. Iran ilifikia makubaliano 2015, wakaguzi wakathibitisha kwamba inayatimiza, Marekani ikajitoa 2018. Juni 2025 vinu vyake vya Fordow, Natanz na Isfahan vikapigwa. Sasa ungekuwa mtawala wa Tehran, ungejifunza nini?

Sisemi nguvu isitumike kamwe. Nasema mwenye kutaka kuitumia atimize mawili kwanza. Hatari ithibitishwe na mtu asiyekuwa yeye, maana mshtaki hawezi kuwa hakimu. Na aeleze mapema nani atabeba dhamana ya watakaokufa, na ya bomu litakaloundwa mafichoni baadaye. Mwaka 2003 wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa Iraq wakiomba muda zaidi. Hawakupewa.