Huo Wimbo Unasema Nini?



Kiingereza cha mtaani sikukitoa darasani, nilikitoa kwa redio. Nilikuwa na kadaftari ka maneno ya nyimbo. Hapo ndipo nilijua kwamba Michael Jackson alipoita albamu yake ya 1987 Bad, hakumaanisha ni mbaya. Ni vile sisi tunasema mtu ni mkali, na hana hasira na mtu.

Siku moja mama alinisikia nikiimba nikiosha vyombo. Yeye Kiingereza hakijui. Akauliza, "Huo wimbo unasema nini?" Nikamjibu, "Ni wa Mungu, mama." Haukuwa wa Mungu hata kidogo! Jumapili iliyofuata nikampata jikoni akisukuma chapati, amefunga macho, anauimba.

Danieli 1:4 inasema vijana wale walifundishwa lugha ya Wakaldayo na vitabu vyao. Danieli hakukataa darasa. Alichokataa ni chakula cha mfalme, mstari wa 8. Kwa hivyo vijana mkiniuliza kama ni dhambi kujifunza Kiingereza kwa nyimbo, mimi siwezi kurusha jiwe. Lakini nikisomea biashara tulionywa tusiweke sahihi kwa mkataba ambao hatujausoma, na wengi wetu tunaimba tu. Chukua wimbo unaoupenda, uandike wote kwa Kiswahili, kisha msomee mama yako mezani. Ukishindwa mstari wa pili, jibu umeshapata.

Mama yangu bado anauimba ule. Jumamosi naenda nyumbani kumwambia ukweli. Mniombee.