Mtaje Aliyekuokoa

Mtu aliyekutendea wema mkubwa ana haki moja juu yako ambayo yeye mwenyewe ataona haya kuidai, na akishakufa hawezi kabisa: umtaje. Useme alifanya nini, mbele ya watu wanaopaswa kusikia. Tunaichezea sana haki hii, ndiyo maana nakuletea habari za kijana mmoja wa Australia.

Edward Sheean, kwao wakimwita Teddy, alizaliwa Tasmania mwishoni mwa 1923 katika nyumba yenye watoto wengi. Alifanya vibarua mashambani, kisha mwaka 1941, akiwa na miaka 17, akajiunga na Jeshi la Majini. Alipangiwa manowari ndogo, HMAS Armidale. Tarehe 1 Desemba 1942 meli hiyo ilikuwa karibu na Timor, katika operesheni ya kuwatoa watu kisiwani, ndege za Wajapani zilipoivamia. Topido mbili ziliipiga ikaanza kuzama upesi, na amri ikatoka kwamba watu waiache. Ndege zikageuka kuwamiminia risasi waliokuwa wakielea majini.

Sheean alikuwa na nafasi ya kujitupa baharini kama wenzake. Hakwenda. Akiwa na majeraha, alirudi kwenye mzinga wa nyuma wa kutungulia ndege, akajifunga hapo kwa mikanda, akafyatua ili kuwakinga wale waliokuwa majini. Walionusurika walisimulia kwamba mzinga ulikuwa bado unalia huku maji yakimfunika. Alikuwa na miaka 18. Kati ya watu 149 waliokuwamo melini, walipona 49. Baadhi ya wasiopona waliachwa juu ya chelezo, wakaonekana na ndege ya kwao, lakini bahari ilichafuka na ndege ikashindwa kutua. Hawakuonekana tena.

Wakati ule Sheean aliandikwa tu miongoni mwa waliotajwa katika taarifa za kivita. Nishani ya juu kabisa, Victoria Cross, hakupewa. Walionusurika walizeeka, lakini waliokuwa na nguvu ya kusema walisema. Mpwa wake naye, aliyezaliwa katika ukoo uliokuwa umempoteza kijana huyo, alilibeba jambo hili miaka mingi. Mwaka 2013 uchunguzi rasmi haukupendekeza nishani. Mwaka 2019 baraza lililolipitia upya suala hili lilipendekeza apewe, serikali ikakataa Mei 2020. Waliompigania hawakukunja jamvi. Ushahidi ukapimwa upya, na Agosti 2020 Malkia Elizabeth akaidhinisha. Ikawa Victoria Cross ya kwanza katika Jeshi la Majini la Australia, karibu miaka 78 baada ya kijana kuzama. Wazazi wake walikuwa wamekwishafariki zamani.

Hili la wazazi linaniuma. Mama aliyemlea mtoto huyo alistahili kuiona siku ile. Sisi hatuna vikao vya nishani wala malkia wa kusubiri, lakini tunachelewa vilevile. Jirani alikulipia ada ukamaliza shule. Bosi mdogo alikutetea kazini hadi yeye akachukiwa. Dada yako aliacha masomo ili amuuguze mama kwa zamu nawe. Unajua moyoni, umenyamaza, na watu wanadhani ulifika ulipo kwa akili zako peke yako. Huko ni kumdhulumu mtu, hata kama hukukusudia.

Basi sema, na useme kweli tupu. Usimpambe kwa mambo asiyoyafanya, maana uongo mmoja ukigunduliwa watu wataukataa na ukweli wote. Ukipuuzwa mara ya kwanza, rudi na ushahidi, usirudi na matusi. Kama yu hai, mwendee wiki hii, umwambie mbele ya watoto wake. Kama ameshafariki, watafute hao watoto. Waeleze ilikuwa wapi, mwaka gani, baba au mama yao alifanya nini, na wewe ungekuwa wapi asingefanya. Wakikuuliza maswali, wajibu yote unayoyajua, hata kama itachukua mchana kutwa.