Picha ya Mtu Katika Mtego wa Sungura

Waswahili husema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Nilikutana na methali hii nikiwa sekondari, nikaandika maana yake kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Sikujua kwamba siku moja mtegaji angekuwa mimi.

Likizo ya mwaka wa pili nilipata kazi ya usaidizi wa utafiti pembezoni mwa hifadhi moja magharibi mwa Uganda. Nasoma Kiswahili na falsafa, si baiolojia, lakini mtafiti alihitaji mtu wa kubeba kamera, kubadilisha betri na kadi, na kupanga picha kwenye kompyuta. Swali lake lilikuwa rahisi kulitamka: sungura wa porini hutoka saa ngapi, na hupumzika saa ngapi?

Sungura huyu ni mgumu kumchunguza kwa macho. Hachimbi shimo la kuishi. Mchana hulala kwenye kijibonde kidogo majanini, masikio ameyalaza mgongoni, na unaweza kumpita hatua chache asijitikise. Ukimkaribia zaidi anatimka, na hapo umeshaharibu ulichotaka kukiona. Ndiyo maana hutumika kamera mtego. Hufungwa kwenye mti au kigingi na kuachwa peke yake. Kiumbe mwenye joto akipita mbele yake, kitambuzi hushtuka na picha hupigwa, ikiwa na tarehe na saa. Usiku humulika kwa mwanga ambao jicho la binadamu halioni vizuri.

Kazi ile niliipenda. Picha nyingi za sungura zilianza jua lilipokwisha kuzama. Kamera iliandika 19:00, mimi nikasoma saa moja usiku, nikaona kwamba saa yetu inamfaa sungura kuliko saa ya kamera: kwake yeye, hiyo ndiyo saa ya kwanza ya kazi.

Asubuhi moja nilifungua kadi ya kamera iliyoelekezwa kwenye njia nyembamba. Sungura, sungura, swala, sungura. Kisha, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili alfajiri, mwanamke. Alikuwa na mzigo wa kuni kichwani na leso kiunoni, uso wake wazi kabisa. Nilimtambua. Ni mama aliyetuuzia chai na chapati kila siku pale senta. Alikuwa akiniita mwanangu. Chai niliyokunywa jana yake, bila shaka, ilichemshwa kwa kuni za namna hiyo.

Jioni askari wa hifadhi alipita kambini. Akaniuliza, "Kijana, kamera zenu zimeona watu?"

Nikamjibu, "Hapana, afande. Sungura tu."

Akacheka, akaenda zake. Usiku ule niliifuta ile picha. Tangu siku hiyo najiuliza kama nilitenda haki.

Nianze na hoja zinazonipinga, kwa sababu zina uzito. Hifadhi si shamba la mtu. Kila mmoja akichukua mzigo mmoja tu, miti itakwisha, na sungura nao watakosa pa kujificha. Tena njia ile ile hupitwa na watu wanaotega wanyama kwa waya. Kama picha ingekuwa ya mwanamume mwenye waya mkononi, ningeifuta? Nasema kweli: nisingeifuta. Basi huenda sikutetea kanuni yoyote. Huenda nilimtetea tu mtu aliyenipa chai.

Nilijaribu kuomba msaada kwa sheria. Mwaka 2019 nchi yetu ilipata Sheria ya Wanyamapori, na mwaka huo huo ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha. Ya kwanza inakataza kuingia hifadhini bila ruhusa. Ya pili inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa ridhaa yake na kwa lengo linalojulikana, lakini inaweka vighairi, kikiwemo cha kuzuia uhalifu. Kwa hiyo kila upande unaweza kushika sheria mkononi, na swali langu likabaki pale pale.

Nikamgeukia Kant, ambaye mwaka 1785 aliandika kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Hapo ndipo nilipoona kasoro, nayo ilianza kabla ya askari kuuliza na hata kabla ya kadi kufunguliwa. Tuliomba kibali cha kuchunguza sungura, tukakipata. Wanakijiji hatukuwauliza chochote. Tulijua fika kwamba njia zile ni za watu pia, kwa sababu sisi wenyewe tulizifuata kwa kuwa zimekanyagwa vizuri. Sungura hawezi kutoa ridhaa, na picha yake haimpeleki mahakamani. Yule mama angeweza kuulizwa, na picha yake ingeweza kumfikisha huko. Tulimweka katika kundi moja na sungura, tena sungura ndiye asiyekuwa na cha kupoteza.

Kwa hiyo naamini hivi: jicho lililowekwa kwa ajili ya jambo moja lisigeuzwe shahidi wa jambo jingine bila wanaoonwa kujua mapema. Najua kanuni hii inamkinga pia yule mwenye waya, na hilo linaniuma. Lakini kama hifadhi inataka kuwakamata wategaji kwa kamera, ifunge kamera zake na itangaze kwamba ziko. Isiazime macho ya mwanafunzi anayehesabu sungura. Watafiti nao, kabla ya kufunga kamera ya kwanza, waitishe kikao kijijini na kusema: kamera zitakuwa pande hizi, zinatafuta mnyama huyu, na picha ya mtu tutaifanyia hivi. Kikao hicho kinaweza kuchukua siku nzima, na baadhi ya watu watabadilisha njia. Hiyo ni gharama ya haki, na iandikwe kwenye bajeti pamoja na betri.

Umebaki uongo wangu. Bibi yangu alitusimulia hadithi nyingi za Wakayima, sungura mjanja wa Kiganda, anayewadanganya wakubwa akapona. Tulimshangilia kwa sababu alikuwa mdogo, hana silaha ila maneno. Kwa muda nilijifariji kwamba nami nilifanya ujanja wa Wakayima. Lakini mdogo katika kisa hiki hakuwa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na kadi, kibali na kompyuta. Ningeweza kusema, "Afande, picha za watu hatutoi, mwulize mkuu wangu," nikakabili matokeo yake. Pengine ningefukuzwa kazi. Nilichagua uongo kwa sababu ulikuwa mwepesi, nao ukamwacha askari akiamini kwamba njia ile haipitwi na watu, na mtafiti akikosa kujua kilichotokea kwenye data yake.

Kesho yake nilikwenda kunywa chai kama kawaida. Mama akaniuliza, "Sungura wenu wazima, mwanangu?" Nikamwambia wazima. Sikumwambia lolote kuhusu njia ile, na hilo nalo nilipaswa kumwambia.