Joto la Nyumba Yetu ni la Nani?



Majira ya baridi yakifika, yaani kuanzia Juni hadi Agosti, jioni ya Tukuyu huingia upesi. Ukungu huteremka kutoka Mlima Rungwe, ukafunika migomba na mashamba ya chai, na kila mtu hushika njia ya kwake. Sisi wazee wawili tuliokwisha kustaafu ualimu twaipenda sana saa hiyo. Mlango hufungwa. Kande imekuwa motoni tangu mchana katika chungu cha Wakisi tulichonunua Matema, na harufu yake imejaa nyumba nzima. Siku nyingine huwa ni mbalaga, ndizi zetu za kupika, pamoja na maziwa mgando. Paka hujikunja juu ya mkeka karibu na jiko, na mbwa hulala kizingitini akijifanya analinda. Mmoja wetu hufuma sweta ya mjukuu, mwingine husoma gazeti kwa sauti.

Je, ni vema Mkristo kuifurahia starehe kama hiyo? Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba starehe humlegeza mtu. Tulioga maji ya baridi alfajiri, tukajifunika blanketi moja moja, na baadaye tukawafundisha watoto wa watu hivyo hivyo. Leo hatuna hakika kwamba tulifundisha sawa. Tusomapo Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, twamwona Mtume Paulo, mtu aliyepigwa mawe na kuvunjikiwa na merikebu, akiwa kifungoni anaomba aletewe joho lake alilomwachia Karpo huko Troa. Tena amsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Mtume hakuona haya kusema kwamba alihitaji nguo nzito na rafiki. Basi kuota moto si dhambi. Mwili ni kazi ya Mungu, na mwili huona baridi.

Lakini liko swali la pili, nalo lilitujia kwa njia ambayo hatuwezi kuisahau.

Salamu ya Kinyakyusa, kama wengi wenu mjuavyo, hutokana na neno la kulala. Twasema "Mugonile?", maana yake, mmelala? Kila asubuhi tulimsalimu hivyo jirani yetu, mama mjane, tukipita kando ya ua wake. "Mugonile, mama?" Naye hujibu, "Ndaga, Mwalimu." Nasi tukaenda zetu. Tulijihesabu kuwa majirani wema.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, mtoto anayempelekea maziwa alikuja kutugongea akilia. Tulimkuta mama yule chini ya kitanda chake, hajitambui. Dirisha lilikuwa limefungwa, matambara yamesokomezwa chini ya mlango, na jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba. Tulimburuta nje kwenye umande, kisha majirani wakamchukua hospitali. Kwa rehema za Mungu alipona.

Mkaa unaowaka ndani ya chumba kisichopitisha hewa hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikana na damu mahali pa oksijeni, na mtu husinzia asijue kwamba anakufa. Haya sisi tuliyajua. Tuliyaandika ubaoni miaka mingi, watoto wakayanakili katika madaftari yao. Jirani yetu, umbali wa hatua 30, hatukumwambia hata siku moja.

Aliporudi nyumbani tulimwuliza kwa nini alilala na jiko. Akasema blanketi lake zito alimpa mjukuu aliyekwenda shule ya bweni. "Mbona hukutuambia, mama? Kila siku twakuuliza umelalaje." Akatutazama kwa upole, akasema: "Mwalimu, mlikuwa mkiuliza huku mnatembea."

Tangu siku hiyo neno hilo limekuwa likitufundisha. Methali husema, aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Hatumjui kwa sababu shibe huziba masikio, wala si lazima tuwe wakatili. Katika Waraka wake, sura ya 2, Yakobo amkemea mtu anayemtakia ndugu aliye uchi joto na shibe, kisha asimpe kitu. Sisi tulikuwa mtu huyo, tena kwa lugha ya mama zetu.

Wazee wetu walikuwa na neno ukwangala, yaani furaha ya kukaa pamoja na kuzungumza. Mwanachuoni Monica Wilson, aliyeishi katika nchi hii pamoja na mumewe miaka ya 1930, aliona jambo hilo likithaminiwa sana, naye akakiita kitabu chake cha mwaka 1951 Good Company, yaani Ushirika Mwema. Aliandika jinsi wavulana wa rika moja walivyojenga kijiji chao, wakaenda kula kwa pamoja katika nyumba ya mama wa kila mmoja kwa zamu. Tusizisifu mno siku hizo, kwa maana aliyedhaniwa kula peke yake aliweza kushukiwa uchawi, na hofu si upendo. Hata hivyo ilikuwa vigumu mtu kulala na baridi pasipo wenziwe kujua. Siku hizi kila mmoja ana mlango wake na kufuli lake.

Huenda msomaji akasema: hatuwezi kuupasha moto mji mzima, tukimfungulia kila mtu, hata sisi tutakosa joto. Ni kweli, wala hatutaki kulikwepa neno hilo. Pensheni ya mwalimu haigawanyiki bila mwisho. Lakini twadhani salamu yenyewe yatuonyesha mpaka. Yule ninayemwuliza amelalaje, nimekwisha kuahidi kulisikia jibu lake. Sina deni la kuwajua watu wote wa wilaya, ila deni la swali nililouliza kwa kinywa changu mwenyewe ninalo. Kama sitaki kusikia jibu, heri nisiulize.

Basi nyumbani kwetu tumebadili mambo machache tu. Tulinunua blanketi moja. Chungu cha kande chajazwa zaidi kidogo, na jioni nyingi mama yule huja kukaa nasi. Paka, asiye na shukrani, ametuacha na kuhamia mapajani pake. Jiko la mkaa halilali chumbani mwa mtu yeyote, nasi twawasihi ninyi nyote mfanye vivyo hivyo na kuwaambia majirani zenu.

Asubuhi hii kulikuwa na ukungu mzito. Tulisimama penye ua tukauliza, "Mugonile, mama?" Akatueleza habari za goti lake la kushoto, za panya darini, na za ndoto aliyoota juu ya marehemu mumewe. Tuliporudi ndani chai yetu ilikuwa imepoa. Tuliipasha tena.