Adui Akiisha Kuondoka

Yapo maswali ambayo vijana huyapata katika vitabu vya hadithi kabla wazazi wao hawajayafikiria. Mojawapo ni hili: watu wakiisha kumshinda adui wao, ni kitu gani kitakachowaunganisha kesho yake? Nitalizungumza kwa kutumia kitabu kimoja cha vijana, kisha nitarudi huku kwetu Masanze na Kilosa, maana naona swali hilo limo mlangoni petu.

Mwandishi Mwingereza aliyejiita John Christopher, ambaye jina lake halisi lilikuwa Samuel Youd, alitoa vitabu vitatu vinavyofuatana. Viwili vilitoka mwaka 1967, na cha tatu, The Pool of Fire, yaani Dimbwi la Moto, kilitoka mwaka 1968. Ni hadithi za kubuni juu ya wakati ujao. Viumbe kutoka nyota nyingine, waitwao Mabwana, wameitawala dunia kwa muda mrefu. Wanatembea ndani ya mitambo mirefu yenye miguu mitatu, na kila kijana akifikia umri wa miaka 14 huvikwa kofia ya madini kichwani isiyovuliwa tena. Tangu siku hiyo hawezi kufikiri neno la kuwapinga Mabwana. Kijana mmoja aitwaye Will anatoroka kijijini kwake pamoja na binamu yake Henry, na njiani wanampata Mfaransa mmoja mwembamba wanayemwita Beanpole. Baadaye anaongezeka Fritz, Mjerumani. Wanajiunga na watu huru waliojificha milimani chini ya kiongozi wao Julius.

Kabla sijaendelea, yafaa tuseme wazi jambo linalokifanya kisa hiki kuwa kigumu. Wenye kofia hawateswi. Wanalima, wanaoa, wanafanya sherehe zao, wanazeeka na kuzikwa. Hakuna vita kati ya kijiji na kijiji wala kati ya taifa na taifa. Mzee mwenye kofia ukimwuliza hali yake atakujibu kwamba ni njema, naye hasemi uongo. Mwandishi angeweza kuwafanya watu wale wawe wanalia kila ukurasa, nasi tungejua mara moja upande wa kushika. Hakufanya hivyo, na kwa hilo namsifu.

Katika kitabu cha tatu ushindi unakuja. Watu huru wanamkamata Bwana mmoja na kumchunguza, nao wanagundua kwa bahati kwamba pombe kidogo tu ndani ya maji yake humlaza akawa kama mfu. (Wapo kati yetu watakaolipenda sana fungu hilo, kwamba utawala wote ule uliangushwa na kitu kile kile kinachoangusha nyumba nyingi hapa kwetu.) Kwa hila hiyo miji miwili ya Mabwana inaangamizwa. Wa tatu, ulioko Panama, hauingiliki. Wanaujia kwa maputo wakiangusha mabomu juu ya paa lake, na mabomu yanashindwa kulivunja. Ndipo Henry anashusha puto lake juu ya paa lenyewe, analishikilia bomu lake pale pale mpaka linapasuka. Mji unavunjika, na Henry anakufa.

Hadithi nyingi zingeishia hapo, pamoja na machozi kidogo na bendera. Hii inaendelea. Wajumbe wa mataifa wanakutana milimani ili waunde umoja wa watu wote, na Julius yupo, na wale vijana wapo. Haupiti muda manung'uniko yanaanza. Huyu anaona taifa lake limedharauliwa, yule anasema Julius anajitafutia utawala. Mkutano unavunjika, wajumbe wanaondoka kila mtu na wenzake. Watu waliokuwa tayari kufa pamoja wameshindwa kukaa pamoja katika chumba kimoja.

Basi swali ni hili: je, amani ya kofia haikuwa bora kuliko uhuru wa namna hii?

Tusiliruke haraka. Ni rahisi kujibu kwamba uhuru ni bora siku zote, hasa kwa mtu ambaye hajazika mwanawe kwa sababu ya ugomvi. Lakini sisi wa wilaya ya Kilosa tunajua zaidi. Mwezi Desemba mwaka 2000, pale Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Hao hawakuuawa na viumbe kutoka nyota nyingine. Waliuawa na watu wanaokunywa maji ya mito ile ile na kwenda minada ile ile. Ukienda kwa mama aliyefiwa siku ile, ukamwambia kwamba binadamu kupigana ni sehemu ya uhuru wake, atakutazama tu. Angeweza kukujibu kwamba kama kofia ingemrudishia mwanawe, ingeletwa hata leo. Mimi nisingethubutu kumlaumu.

Hata hivyo naamini jibu lake, ingawa lina haki ya kilio, si jibu la kweli, na sababu yangu imo ndani ya kitabu chenyewe. Angalieni jinsi mataifa yale yalivyogombana. Yaligombana kwa mipaka ile ile na majina yale yale yaliyokuwapo kabla Mabwana hawajaja. Muda wote wa kofia chuki ile ilikuwa imefungiwa sandukuni. Haikufa, haikuponywa, wala hakuna aliyejifunza kuishi nayo. Siku sanduku lilipofunguliwa ilitoka ikiwa mbichi kama ilivyoingia. Kwa hiyo kofia haikuleta amani, iliahirisha vita, na wakati huo huo iliwanyima watu nafasi ya kujifunza kupatana. Mtu aliyelala hatumwiti mvumilivu kwa kuwa hajajibu matusi.

Jambo hilo tumeliona Afrika Mashariki kwa macho yetu. Waingereza ndio waliounganisha reli, posta, forodha na mambo mengine ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1948 wakaunda chombo cha kuyasimamia kwa pamoja. Hawakutuuliza. Uhuru ulipokuja tuliurithi umoja huo, na mwaka 1967 ukapewa jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Treni iliyopita Kilosa ikielekea Dodoma na Kigoma ilikuwa mali ya nchi tatu. Haikupita miaka kumi na kitu Jumuiya ikavunjika, mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hata mwaka 1983. Sababu zilikuwa nyingi: siasa mbalimbali, mgawanyo wa faida, Idi Amin kule Uganda. Lakini nionavyo mimi, mojawapo ilikuwa kwamba fundo lile lilifungwa na mkono wa mtu mwingine, na aliyelifunga alipoondoka hatukujua uzi ulipitia wapi. Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Umekwenda kwa mwendo wa kobe, na watu wameulalamikia, lakini safari hii tumeufunga wenyewe.

Karibu zaidi na hapa tulipo, fikirini mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na Kilosa na Kimamba zilikuwa na sehemu yao. Watu walikuja kutoka mikoa ya mbali, makabila yasiyojuana, wakakata mkonge katika mstari mmoja na kuhesabiwa matita na mnyapara mmoja. Walikuwa na bwana mmoja wa kumnung'unikia, na manung'uniko ya pamoja ni undugu wa namna fulani. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, kisha bei ya mkonge ikaanguka duniani, na mashamba kadha wa kadha yakageuka pori. Bwana akaondoka. Ndipo mipaka ikaanza kuulizwa: hapa pa nani, na ng'ombe wapite wapi? Wajukuu wa wale waliokata mkonge pamoja leo wanashitakiana kwa hatua chache za ardhi.

Wengine watasema basi tunahitaji adui mwingine. Husemwa kwa mzaha, ila naona wengi wanaliamini. Na kweli, mto Mkondoa ulipovunja kingo zake mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010, ukafurika mjini Kilosa na kuharibu hata reli, maji hayakuuliza kabila la mtu wala dini yake. Lakini umoja unaoletwa na adui ni wa kuazima. Mwenye mali ni adui, na akiondoka anaondoka nayo. Mbaya zaidi, watu walioonja umoja wa namna hiyo wakaupenda wataanza kutafuta adui hata pale asipokuwapo. Watamwona katika mgeni, katika mfugaji, katika mkulima, katika kwaya ya upande wa pili. Naomba tusicheke sana kwa hilo la kwaya.

Linabaki swali la gharama, na hapo ndipo ninapoona kitabu kile kimefanya kazi yake vizuri kuliko wahubiri wengi. Umoja husifiwa kama kitu kizuri tu, kama mvua ya vuli. Hatuambiwi ni nani atakayeulipia. Mara nyingi analipishwa mnyonge. Anaambiwa anyamaze kwa ajili ya amani, aache shamba lake kwa ajili ya amani, asiulize hesabu za kikundi kwa ajili ya amani. Huo ni umoja wa kofia, tofauti ni kwamba kofia imeshonwa hapa hapa kijijini. Mwenye kudai haki yake kwa njia halali havunji umoja, hata kama sauti yake inatukera mkutanoni.

Hatusomi kwamba Julius aliwalazimisha wajumbe wabaki. Alikuwa na heshima ya mtu aliyewaongoza hadi ushindi, na pengine wapo waliomtii kiasi cha kushika silaha kwa neno lake. Lakini kuwashikilia kwa nguvu kungekuwa kuanza upya kazi ya Mabwana. Akakubali kushindwa. Kwangu mimi hilo ni tendo gumu kuliko hata lile la Henry, ingawa najua wengi hawatakubaliana nami. Henry alitoa uhai wake mara moja, moyo ukiwa moto. Julius alikaa akiangalia kazi ya maisha yake ikiharibiwa na watu aliowaokoa, akawaachia hiari yao, na kesho yake aliamka akiwa bado hai.

Televisheni ya BBC ilionyesha hadithi hii mwaka 1984 na 1985. Ilimaliza vitabu viwili vya kwanza, kisha ikaacha. Kwa hiyo waliotegemea televisheni tu hawakuona ushindi wala ule mkutano uliovunjika, na vijana wetu wanaosoma wakikipata kitabu cha tatu wasidhani kwamba sura ya mwisho imeongezwa tu ili kujaza karatasi.

Katika sura hiyo vijana watatu waliobaki wanazungumza baada ya wajumbe kuondoka. Kila mmoja alikuwa amekwisha kupata maisha aliyoyatamani tangu ushindi. Fritz alikuwa na shamba lake. Beanpole alikuwa na kazi yake ya sayansi, akigundua tena yale ambayo wazee wa zamani waliyajua. Will alikuwa baharini, akisafiri katika merikebu kutafuta nchi ambazo watu wa kwao walikuwa wamezisahau. Hakuna aliyewaagiza, wala hapakuwa na Bwana wa kupigana naye tena. Wanakubaliana kuziacha shughuli hizo, shamba, maabara na merikebu, ili waende kwa watu, taifa kwa taifa, kuwasihi wakae pamoja. Kitabu hakisemi kama walifaulu.