Msimu wa Watalii Ukiisha, Nyumba Inakula Nini?

 

Ndugu Muislamu, wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo mimbari zetu haziligusi sana, nalo ni matumizi ya nyumbani. Tumezoea khutba za swala, za hijabu na za mirathi, na ni haki yake. Lakini ni mara ngapi umemsikia khatibu akimuuliza baba mwenye nyumba fedha ya mwezi uliopita imekwenda wapi? Mtu anaweza kuswali safu ya kwanza miaka ishirini na asiulizwe swali hilo na yeyote isipokuwa mkewe, naye mke akiuliza anaambiwa ana maneno mengi.

Mimi ninaishi huku Kwa Mrombo, upande wa kusini wa jiji la Arusha. Mtu wa mjini ukimtajia Kwa Mrombo, jambo la kwanza linalomjia ni nyama choma. Sisi tunaoishi huku tunajua pia kwamba vyumba vya kupanga vimejaa watu ambao riziki yao inakuja kwa msimu. Yupo kijana anayepandisha mizigo Mlima Meru na Kilimanjaro, hao wanaoitwa wagumu. Yupo dereva wa magari ya watalii, yupo mpishi wa kambini, yupo anayechonga vinyago, yupo aliyekuwa akihangaika na vijiwe vya Tanzanite. Kuanzia Juni hadi Oktoba mambo yanakwenda, kisha Desemba hadi Februari yanakwenda tena. Ikifika Aprili na Mei, masika inapiga, barabara za mbugani zinakuwa tope, wageni hawaji. Vijana wanashinda vibarazani wakiutazama mlima ambao hauwaiti.

Hali hii si ngeni wala si ya kushtukiza. Kila mwaka masika inakuja. Ajabu ni kwamba kila mwaka inatukuta kama mgeni asiyepiga hodi.

Qur'an imetupa somo la jambo hili katika Suratu Yusuf, aya ya 47 hadi ya 49. Wengi tunaisoma sura hii kwa ajili ya kisa cha kisima na cha mke wa mheshimiwa, tunapita haraka pale ambapo Nabii Yusuf (a.s.) anamfasiria mfalme ndoto yake. Amewaambia walime miaka saba mfululizo, wanachovuna wakiache katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula. Kisha itakuja miaka saba ya shida itakayokula akiba yote. Hapo watu wengi wanaishia. Lakini iangalie vizuri aya ya 48. Hata katika hiyo miaka ya njaa, anasema kitabaki kidogo watakachokihifadhi, na wafasiri wamesema kidogo hicho ni mbegu. Yaani watu wana njaa, ghala linaisha, na bado kuna fungu lisiloguswa, kwa sababu mvua ikirudi lazima kiwepo cha kupanda.

Sasa tulete kwetu. Mama anayeuza mitumba ana mtaji wa shilingi 150,000. Mwezi mbaya unakuja, mtaji unageuzwa unga. Wa bodaboda anakula fedha ya tairi. Fundi anauza randa. Hiyo ndiyo mbegu, na ikishaliwa, msimu ukirudi unamkuta mtu mikono mitupu, anaanza kwa deni.

Mwaka 2020 tuliliona kwa ukubwa wake. Ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege duniani, watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000. Kwa hesabu za wizara hizo ni takwimu. Kwa Arusha ilikuwa ni watoto kurudishwa vijijini kwa bibi, na vitanda kuuzwa. Hakuna bajeti ya nyumba ambayo ingezuia korona. Lakini tuliishi mtaa mmoja na tuliona: waliokuwa na akiba ya miezi mitatu walipata muda wa kutafuta shughuli nyingine, na wale ambao kila shilingi ilikuwa imeshakwenda walikosa hata nauli ya kwenda kutafuta.

Wapo ndugu wanaosema kuweka akiba ni kupunguza tawakkul, kwamba riziki ya kesho anaijua Allah. Kauli hii ina sura ya dini, na ninaisikia hata kwa watu wa msikitini. Katika Sahihi Bukhari, Umar bin Khattab (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza tende za mitende ya Bani Nadhir na akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka mzima. Nani ana tawakkul kuliko yeye? Na ni nyumba hiyo hiyo ambayo Mama Aisha (r.a.) amesimulia kwamba miezi ilipita bila moto kuwashwa, wakaishi kwa tende na maji. Wanazuoni wakayaunganisha mapokezi haya kwa kusema kwamba alikuwa akiweka, kisha wenye shida wanakuja anawapa katika kile alichoweka. Kwa hiyo kilichompungukia kilikwenda kwa masikini. Chetu kinakwenda wapi?

Hapa niwe mkweli. Kinakwenda kwenye nyama. Mgumu anashuka mlimani na bakshishi yake, au tipu kama vijana wanavyoiita, na hafiki nyumbani. Anapita kwanza kwenye jiko la nyama na rafiki zake wanne, kwa sababu kashuka salama na lazima wampongeze kwa fedha yake mwenyewe. Nyumbani wamepika makande, na mtoto anadaiwa mchango wa chakula cha mchana shuleni. Ada ya shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa tangu Januari 2016, alhamdulillahi, lakini sare, madaftari na viatu havikuondolewa. Muislim amepokea kwamba dinari iliyotolewa katika njia ya Allah, ya kumkomboa mtumwa, ya masikini, na uliyoitumia kwa ahli zako, yenye ujira mkubwa zaidi ni hii ya ahli zako. Basi yule anayewalisha nyama watu wanne barabarani ili asifiwe ukarimu, ajue ameanza na wasiokuwa na haki.

Tupige hesabu kidogo, maana bila namba tutabaki kwenye mawaidha. Chukua mtu anayepata shilingi 600,000 kwa mwezi katika miezi saba mizuri, na 100,000 katika miezi mitano mibaya. Kwa mwaka ni 4,700,000. Gawanya kwa kumi na mbili, utapata kama 390,000. Mtu huyu, na mkewe, na watoto wake, ni familia ya 390,000. Lakini anapanga nyumba, anakopa pikipiki na anaahidi michango ya harusi kama mtu wa 600,000, kwa sababu anaupima mwaka kwa mwezi wa Agosti. Akikubali kuishi kwa 390,000, kila mwezi mzuri unaacha 210,000, na kwa miezi saba ni 1,470,000. Miezi mitano mibaya kila mmoja unahitaji nyongeza ya 290,000, jumla 1,450,000. Inatosha, na elfu ishirini inabaki. Maisha hayo ni ya kubana, sikatai. Lakini Mei hagongi mlango wa mtu.

Na asiyefanya hivyo anagonga wapi? Anagonga kwa wale wanaoitwa kausha damu. Jina hili halikutungwa na mashekhe, limetungwa na waliokopa. Wengine siku hizi hawagongi hata mlango, wanabonyeza simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na malalamiko ya watu kudhalilishwa kwa ujumbe kutumwa kwa kila aliyemo kwenye simu zao yalikuwa mengi. Kwetu sisi, leseni iwepo isiwepo, riba ni riba. Ila nataka tulione deni lenyewe. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga kwa Allah kutokana na deni ndani ya swala, na alipoulizwa mbona anaomba sana kinga hiyo, akajibu kwamba mtu akiwa na deni huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Nani hapa mtaani hajamuona baba mtu mzima akimtuma mtoto wake akaseme baba hayupo?

Nina jambo lingine kuhusu kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an ni ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu kuandika madeni, na ndani yake tunakatazwa kuchoka kuandika, liwe dogo au kubwa. Nyumba zetu nyingi haziandiki chochote. Daftari pekee lenye hesabu za familia liko dukani kwa Mangi: sukari nusu, mafuta ya kupima, kiberiti, mkate. Mangi anaijua bajeti yako kuliko wewe. Nunueni daftari la shilingi chache, liwekwe jikoni, kila kinachotoka kiandikwe, hata soda. Baada ya mwezi mmoja kaeni mlisome. Mtaona wenyewe kwamba mkaa wa kopo kila siku unazidi bei ya gunia, na kwamba vocha za simu zimeshinda maziwa ya mtoto.

Nimesema kaeni, sikusema akae baba. Aya ya 233 ya sura hiyo hiyo inazungumzia kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, na inaweka sharti kwamba iwe kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wawili. Kama ziwa la mama, ambalo liko mwilini mwake, halikatwi bila shauri la wawili, itakuwaje kodi ya nyumba na unga viamuliwe na mmoja, tena kwa siri? Nimekaa katika vikao vya kusuluhisha ndoa hapa mtaani, na mara nyingi ugomvi unaoletwa kwa jina la dharau ukifunuliwa unakutwa ni fedha iliyofichwa. Mume hasemi amepata kiasi gani. Mke naye, kwa kuwa hajui, anadai kwa kukisia. Na wapo wake wanaofunga mikono ya waume zao kwa sare za kila shughuli, kitenge kipya kwa kila harusi ya jirani. Hilo nalo liandikwe kwenye daftari.

Baada ya darsa moja mama mmoja aliniuliza: mume wangu akishuka mlimani ana fedha, na mimi sipewi ya kutosha, je, nikichukua mfukoni mwake ni wizi? Nikamsimulia habari ya Hind bint Utba (r.a.), aliyemshitaki mumewe Abu Sufyan kwa Mtume (s.a.w.) kwamba ni mtu bakhili, hampi kinachomtosha yeye na watoto. Akaruhusiwa kuchukua kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema, kama ilivyo ada. Yule mama akatabasamu. Nikamwongezea kwamba neno "kwa wema" lina mipaka: unga, mafuta, dawa, daftari la mtoto, ndiyo. Kitenge cha harusi, hapana. Akauliza, na mchango wa kikundi? Nikamwambia huo akaombe, na akaombe mumewe akiwa ameshakula.