Kutu Chini ya Rangi

Mjomba wangu anauza mapazia ya mitumba Owino. Miaka miwili iliyopita alinunua karavani kuukuu, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, iliyokuwa imetelekezwa katika yadi moja huko Ndeeba. Aliyemuuzia alisema zamani wahandisi wa barabara walikuwa wakilala humo. Tulipoikuta matairi yalikuwa yamelala bapa, paa lilivuja, na kuku walikuwa wametaga kabatini. Sote tuliona takataka. Mjomba aliona mkahawa. Angeiegesha kando ya barabara ya Masaka, mkewe apike chai, chapati na mayai, na siku wakifukuzwa hapo waivute mbele kidogo.

Pesa za fundi hazikuwapo, kwa hiyo mafundi tulikuwa sisi. Jumapili baada ya Jumapili tulibandua plaiwudi iliyovimba, tukakuta nyuma yake mbao zinazobonyea kwa kidole kama mkate uliolowa. Mbao mpya tulinunua Ndeeba palepale, beringi za magurudumu tukazipata Kisekka, na vitambaa vya viti vikatoka kibandani kwa mjomba. Paa ndilo lililotutesa zaidi. Mjomba aliziba mahali penye doa mara tatu, na mara tatu mvua ikamcheka. Baadaye tulielewa kwamba maji hayaingii pale unapoona doa. Huingia mbali, kwenye tundu la ribiti iliyolegea, yakafuata ubao kimyakimya, yakadondokea kwingine. Nimesoma madarasa kadhaa ya mantiki chuoni, lakini tofauti kati ya dalili na chanzo nilifundishwa na paa lile.

Mwishowe tukafika chini. Nililala chali juu ya gunia, tochi mdomoni, nikakwangua chesi kwa brashi ya waya. Chuma kimoja cha kukingama, karibu na ekseli, kilitoka maganda kama gome la mti, na kilichobaki kilikuwa chembamba kama bati la kopo. Tulijua dawa yake: kikatwe, kipelekwe kipimo Katwe, kichomelewe kipya. Lakini pesa zilikuwa zimeishia kwenye paa. Nikakipaka rangi nyeusi mara mbili ili angalau kutu isikimbie. Sikumdanganya mtu. Karavani ilikuwa yetu, na sote tulijua kilichopo chini ya rangi ile.

Muhula ulipofunguliwa, binamu yangu akarudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Mjomba akaamua kuuza. Akaja baba mmoja wa makamo aliyetaka kuivuta kwa pikapu yake hadi Mbarara, safari ya zaidi ya kilomita 250. Akazunguka, akagonga kuta, akasifu mapazia. Akainama kuchungulia chini, akaona chuma cheusi kinachong'aa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Swali langu lilizaliwa hapo. Rangi ilikuwa ileile, na tangu niipake hakuna aliyeigusa. Jana ilikuwa kinga, leo imekuwa uongo. Ni nini kilichobadilika, ikiwa si rangi wala chuma?

Mjomba alikuwa na jibu, nami sitaki kulidharau. Jioni ile aliniambia: "Mwanangu, yeye ana macho. Sikumzuia kulala chini kama ulivyolala wewe. Na kama tungempa fundi kazi hii, leo tungekuwa hatujui kitu, na tungeuza kwa amani. Sasa tuadhibiwe kwa sababu tulijitesa wenyewe?" Mjadala huu ni mkongwe kuliko sisi. Cicero, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka 44 KK, anatoa mfano wa mtu anayeuza nyumba yenye mbao mbovu na nyoka, siri anayoijua yeye peke yake. Anawaweka wanafalsafa wawili pande mbili: Diogenes wa Babeli, anayeona kwamba kunyamaza si sawa na kuficha na kwamba hakuna aliyemlazimisha mnunuzi, na Antipater, anayeona kwamba kumwacha mtu aangukie hasara kwa kutojua ni sawa na kumwona amepotea njia usimwonyeshe. Mjomba hajawahi kumsikia Diogenes, lakini wangeelewana vizuri sana.

Hoja yake ya pili ndiyo iliyonisumbua. Ni kweli kwamba ujuzi wa mkono unaongeza mzigo. Pale Owino mwenye kununua beli ananunua mbuzi kwenye gunia, naye anajua hivyo. Aliyemuuzia hajamwona mbuzi pia. Anaposema "sijui kilichomo", anasema kweli, na bei imeshauhesabu ujinga wa wote wawili. Sisi hatukuwa na beli. Tulikuwa tumeifungua karavani hadi mifupa. Mimi ningeweza kuonyesha kwa kidole, gizani, mahali ambapo ingekatika. Mjomba anaiita hiyo adhabu. Mimi naona kwamba anasahau nusu ya hesabu: ujuzi uleule ndio uliotuwezesha kupandisha bei. Tulimwambia mnunuzi, kwa fahari, kwamba kila ubao tumeubadilisha wenyewe, na alituamini kwa sababu hiyo. Hatuwezi kuuza ujuzi wetu pale unapotupendeza, kisha tukajifanya wajinga tukifika kwenye chesi.

Je, basi kila kilichofichwa kielezwe? Hapana, na hapa nashukuru nimekulia kati ya mafundi cherehani. Yupo mmoja jirani na mjomba anayeshona tundu la koti hata usilione kwa miwani. Koti linauzwa, na hakuna anayemwambia mteja kwamba palikuwa na tundu. Kwa muda niliona hilo nalo ni udanganyifu. Siku hizi sioni hivyo. Tundu lililoshonwa vizuri limekoma kuwa tundu. Mnunuzi atavaa koti lake miaka mitano na hatapungukiwa na kitu. Kutu chini ya rangi haijakoma, inaendelea kula usiku na mchana. Kwa hiyo sipimi kwa kuuliza kama kilichofichwa kinaonekana au hakionekani. Nauliza kama bado kinafanya kazi yake humo ndani. Kuna simulizi mashuhuri ya Mtume Muhammad kuingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni na kukuta chini kumelowa. Lililomkera ni kwamba ubichi ule ulikuwapo bado, umefunikwa na punje kavu.

(Jina rasmi la Owino ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Huyu ni mtu aliyeuawa mwaka 1885 baada ya kumkemea Kabaka Mwanga kwa mauaji ya Askofu Hannington. Sijawahi kumsikia mtu akimtaja wakati wa kupatana bei.)

Mnunuzi aliporudi na pesa, mjomba aliniangalia, akasema, "Wewe ndiye ulilala chini, mwambie wewe." Nikamwambia. Akachukua bisibisi kutoka kwenye pikapu, akaingia chini, nikasikia ikigonga mara mbili. Mara ya tatu sikusikia mlio, kwa sababu ilikuwa imepenya. Akatoka, akajipangusa magoti, akatushukuru kwa adabu, akaondoka na pesa zake zote. Nilimpendekezea apunguze bei, akachomelee mwenyewe Katwe. Alisema kama hicho nimemwambia, atajuaje nilichomwacha bila kumwambia.

Sijapata jibu la hilo. Wala sijapata jibu la jambo jingine linalonikosesha usingizi zaidi. Katika karavani ile sikuweka hata shilingi moja. Nilitoa Jumapili zangu tu. Pesa zilikuwa za mjomba, na ada ilikuwa ya mwanawe. Antipater angenipongeza, lakini nyumba ya mfano wake ilikuwa ya muuzaji mwenyewe, si ya mjomba wa mtu. Ada ililipwa kwa mkopo wa chama, wiki sita baadaye, na binamu yangu alikosa mitihani ya kati ya muhula. Karavani bado iko Ndeeba. Mjomba ameanza kuweka pesa za chuma kipya kwenye kopo la maziwa kibandani, na kuku wamerudi kabatini.